Shahidi wa Liki za Bi Thelma

Kila Alhamisi asubuhi Thelma Raisbeck alivuka barabara mahali pasipo na sababu ya kuvuka. Duka la mikate lilikuwa upande wa kushoto, posta pia upande wa kushoto, lakini akikaribia ukumbi wa wachimbaji alihamia kulia, akapita na kikapu chake macho mbele, kisha akarudi kushoto kama mtu aliyekwepa dimbwi. Hakuwa peke yake. Ravenlaw nzima ilivuka pale siku ya Alhamisi. Hata mbwa walikuwa wamezoea.

Mlangoni mwa ukumbi palibandikwa tangazo: Njoo umjue askari wa mtaa wako, chai ni bure. Ndani, nyuma ya meza yenye birika na sahani ya biskuti, alikaa msichana mwenye sare, Kerry Stobbart, aliyeletwa na timu ya polisi wa mtaa tangu majira ya kuchipua ili azoeane na watu. Aliwapungia mkono wapitao dirishani, nao ghafla wakawa na haja ya kutazama viatu vyao. Ikifika saa sita alimwaga chai iliyopoa, akafunika biskuti, akapanda baiskeli yake.

Hakuwa amemkosea mtu. Kosa lilikuwa kubwa kumliko, tena lilimtangulia kuzaliwa. Wakati wa mgomo mkubwa wa migodi ya makaa ya mawe, polisi walijipanga barabarani Ravenlaw asubuhi baada ya asubuhi kuwakabili wagomaji, na Thelma, siku hizo akiwa mama kijana, alimenya viazi vya jikoni mwa ukumbi huohuo kulisha watoto ambao baba zao hawakuwa na mshahara. Mumewe, Cuthbert, ambaye kijiji kizima kilimwita Cuddy, alitupwa ndani ya gari lao akiwa na sandwichi mkononi, akarudi siku ya pili bila shtaka na bila sandwichi. Tangu hapo hakumwamkia polisi. Baiskeli yake ilipoibwa aliitafuta mwenyewe kwa miguu. Na wengine walifanya vivyo hivyo, hata katika vitabu vya serikali Ravenlaw ikawa kijiji chenye amani kuliko vyote vya jimbo la Durham, kaskazini mwa Uingereza, maana hakuna aliyewahi kuripoti chochote.

Mgodi ulipofungwa, Cuddy alihamishia nguvu zake kwenye liki. Mtu wa mbali akisikia liki, hudhani ni ule mmea mwembamba wa sokoni, ndugu yake kitunguu. Liki za Ravenlaw si hizo. Ni nene kama paja la mtoto, nyeupe shingoni kama shuka iliyofuliwa, na majani yake hufunguka pande mbili kwa adabu, mithili ya mtu anayekukaribisha. Kila mwaka Septemba huwekwa mbilimbili kwenye meza ndefu za klabu ya kijiji, na wanaume waliokwenda chini ya ardhi bila kutetemeka hutetemeka wakingoja mwamuzi apite na utepe wake wa kupimia.

Cuddy alifariki majira ya baridi. Alimwachia mkewe nyumba, paka, na kishamba cha kukodi nyuma ya mtaa, pamoja na mbegu ya liki ambayo baba yake aliilea kabla yake. Lakini sheria ya klabu ilikuwa wazi: kishamba cha marehemu hukaa na mjane hadi maonyesho ya kwanza. Akiweka liki mezani, kitabaki chake. Asipoweka, hupewa anayefuata, na waliokuwa wakingoja walikuwa wengi, wengine wakipita na kuutazama uzio wake kama mtu anayetazama koti dukani.

Basi Thelma alipanda. Maisha yake yote alikuwa amepika katika jiko la shule, na mtu yeyote kijijini wa chini ya miaka hamsini alikula kastadi yake, akipenda asipende. Alijua kulisha. Alizilisha zile liki kwa mchanganyiko wa Cuddy, ambao siutaji hapa kwa sababu hakuutaja hata kwa dada yake, akaning'iniza magunia kwenye uzio pande zote, kama kila mkulima wa Ravenlaw afanyavyo Agosti ikifika katikati, ili jicho la mtu lisiingie. Mwisho wa mwezi Ossie Dodds, katibu wa klabu, rafiki mkubwa wa marehemu na mshindani wake mezani, alizunguka vishamba vyote na mhuri wa klabu. Alipiga mhuri kwenye jani moja la kila liki itakayoshindana, mtu asije akaleta mezani liki ya shemeji yake wa kijiji cha pili.

"Zimependeza, shemeji," alisema Ossie akiupulizia wino ukauke.

"Hujaziona, Ossie. Umefumba macho."

"Nimefumba moja."

Alicheka, naye Thelma akacheka, lakini baadaye alizihamisha ndoo zake za mbolea nyuma ya kibanda. Rafiki ni rafiki, na Septemba ni Septemba.

Wiki ya maonyesho, Thelma aliteleza kwenye ngazi ya jikoni akishusha sufuria, akaangukia mkono. Haukuvunjika, ila daktari aliufunga bendeji hadi kwenye kiwiko na kumwambia asinyanyue hata birika. Daktari mwenyewe alikuwa na liki zake nyuma ya zahanati, na Thelma aliona jinsi alivyojitahidi asifurahi.

Liki ya maonyesho haing'olewi. Huchimbuliwa kutoka ubavuni, mkono mmoja chini na mmoja shingoni, ikanyanyuliwa kama unavyomtoa mtoto mchanga kwenye beseni, na kila uzi wa mizizi utoke mzima, maana mwamuzi huuangalia. Kwa mkono mmoja haiwezekani. Ilihitajika mikono ya mtu mwingine, na Thelma alikaa mezani akiwapitia watu kichwani. Ossie ni mshindani. Mpwa wa Thelma mwenyewe amemwoa binti wa Ossie. Mchungaji ana shimo la liki nyuma ya kanisa na huliombea waziwazi. Mwenye duka la mikate, mwenye posta, mfagiaji barabara: wote wana liki, au wana baba mwenye liki, au wanadaiwa fadhila na mwenye liki. Jioni alimpigia simu mwanawe Neville, aliyehamia Australia.

"Mama, kijiji kizima hakuna mtu asiyehusika?"

"Hakuna."

"Basi mwite polisi," alisema Neville akicheka.

Thelma hakucheka.

Alhamisi ile hakuvuka barabara. Mwenye duka la mikate alitoka hadi kizingitini akiwa na koleo ya mkate mkononi, akamtazama Bi Thelma Raisbeck, mjane wa Cuddy, akisukuma mlango wa ukumbi.

Kerry alisimama haraka hata akagonga meza. Kisha akaiona bendeji, na uso wake ukabadilika.

"Keti, Bi Raisbeck. Hapa uko salama. Nani kakufanyia hivi?"

"Ngazi."

"Ngazi ya nani?"

"Yangu, binti. Usiikamate, ninaihitaji." Thelma alikaa, akaweka kikapu magotini. "Nina maswali. Baba yako anapanda liki?"

"Liki? Hapana. Anaendesha lori."

"Babu yako?"

"Alikuwa mchimbaji, ng'ambo ya bonde. Bustani yake ilikuwa ya saruji tupu, alisema amechoka na udongo."

"Mjomba? Mchumba? Una jamaa yeyote Ravenlaw?"

"Bi Raisbeck," alisema Kerry, "Ravenlaw sina jamaa, sina rafiki, sina hata mtu wa kuniuliza saa. Wewe ni wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho. Nilikuwa naweka begi langu hapo kisionekane kitupu."

Thelma alimtazama vizuri. Alikuwa na madoadoa puani na nywele zilizobanwa kwa nguvu kupita kiasi, kama mtoto wa shule siku ya kupigwa picha. Alimweleza shida yake kwa sauti ya chini, na Kerry aliisikiliza kama ambavyo hajawahi kusikiliza habari ya wizi.

"Kesho namaliza kazi saa tisa," alisema. "Nitapitia nyumbani nibadilishe nguo."

"Njoo na sare."

"Sare?"

"Ukija na nguo za kawaida watasema nimeleta mpelelezi wa klabu ya kijiji cha pili. Kwa sare hiyo, angalau, kila mtu anajua hupandi kitu."

Ijumaa alasiri Thelma alilifungua lango la kishamba, akasimama kidogo. Usinitazame hivyo, Cuddy, alisema moyoni, wewe ndiye uliyeondoka. Halafu akasogea, na askari wa mtaa akapita na kofia mkononi.

Walifanya kazi bila maneno mengi. Thelma alipiga magoti kwenye gunia akielekeza kwa mkono wake mmoja, na Kerry alilala kifudifudi kwenye udongo, shavu kwenye tope, mikono imezama hadi mabegani, akizifuata nyuzi za mizizi kwa ncha za vidole.

"Polepole. Usivute. Mwambie atoke."

"Nimwambieje?"

"Vyovyote. Cuddy alikuwa akimwimbia."

Kerry hakuimba, ila alinong'ona kitu, na liki ya kwanza ikaja na ndevu zake zote ndefu zikidondosha udongo. Akaipakata na kuketi nayo hapo shimoni, hajui aiweke wapi, akitabasamu mwenyewe. Ya pili ilikuwa nzuri zaidi. Mkono wa Thelma ulianza kuuma, akaingia kibandani kuchemsha maji ya chai, akimwachia Kerry ndoo na sponji laini. Kutoka ndani alimsikia akiziosha taratibu kama anayeosha vikombe vya mtu mwingine.

"Bi Raisbeck, haya makapi naweza kumchukulia sungura wa mama?"

"Chukua, mwanangu, chukua yote," alijibu Thelma akihesabu vijiko vya majani ya chai, bila kugeuka.

Jumamosi asubuhi alizipeleka klabuni ndani ya gari la mtoto alilomsukumia Neville zamani, zimefunikwa taulo lenye maji. Watu walimpisha mlangoni. Ossie alikuwa kwenye meza ya kupokelea, amevaa suti ya mazishi na harusi, miwani kwenye ncha ya pua. Alifunua taulo, akanyamaza. Thelma alizijua aina za ukimya wa wakulima wa liki, na huo ulikuwa wa heshima.

"Mungu amrehemu yule mtu," alisema Ossie mwishowe. "Hizi ni zake kabisa."

Aligeuza ya kwanza, akaona mhuri, akatikisa kichwa kukubali. Aligeuza ya pili. Aliigeuza tena. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa.

"Shemeji, mhuri uko wapi?"

Thelma alitazama. Majani yalikuwa safi, sawasawa, yanang'aa. Lile jani la chini, lililoanza kuwa njano na kuchanika pembeni, lile ambalo mkulima yeyote wa Ravenlaw angelilinda kuliko jicho lake kwa sababu ya alama ya zambarau iliyokuwa juu yake, halikuwapo. Mtu msafi, asiyejua liki, alikuwa ameitengeneza ipendeze.

Makapi, aliwaza Thelma. Ameniuliza, nami nikasema chukua yote.

Ossie hakufurahi, na hilo lilimuumiza Thelma zaidi. Angefurahi kidogo ingekuwa rahisi kumchukia. Aliita kamati: yeye, mchungaji, na Wilf Garbutt, mzee aliyekuwa kiongozi wa wachimbaji wakati wa mgomo na ambaye sasa alitembea kwa fimbo mbili. Sheria iliandikwa ukutani nyuma ya baa. Bila mhuri, hakuna meza, na hakukuwa na mtu chumbani asiyejua maana yake kwa kile kishamba.

"Kuna mtu aliyeona ikitoka ardhini?" aliuliza mchungaji.

"Yupo," alisema Thelma. "Nipeni simu."

Kerry alifika kwa baiskeli kutoka zamu yake ya asubuhi, akihema. Alisimama mlangoni mwa klabu. Sare ile haikuwa imepita mlango huo tangu mgomo, na mazungumzo yalikatika kama redio iliyochomolewa.

"Naweza kuingia?" aliuliza.

"Ingia, unatuletea upepo," alisema Thelma.

Ossie alijipanga nyuma ya meza, akajikohoza. Ilionekana alikuwa amengoja nafasi hii miaka mingi bila kujua.

"Jina lako?"

"Limebandikwa mlangoni mwa ukumbi tangu Aprili."

"Hatusomi vitu vya mlangoni. Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Kwenye kishamba cha Bi Raisbeck. Nililala kifudifudi."

"Kuna anayeweza kuthibitisha?"

"Bi Raisbeck."

"Huyo ni mtuhumiwa. Mwingine?"

"Kulikuwa na paka."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Ossie aliinua ile liki kwa mikono miwili. "Unaitambua?"

"Naitambua. Niliitoa mimi. Ina uzi mmoja wa mzizi uliojikunja kama mkia wa nguruwe. Na jani mnalolitafuta nililitoa mimi pia, niliona limechakaa. Bi Raisbeck hakuniona. Sikujua lina kazi."

"Liko wapi?"

Kerry akawa mwekundu hadi shingoni. "Nilimpelekea sungura wa mama."

"Na sungura?"

"Alilila. Lote. Anaitwa Malkia." Alivua kofia. "Naweza kuandika maelezo na kutia sahihi."

Wilf Garbutt aligonga fimbo sakafuni, si kwa nguvu.

"Mara ya mwisho polisi alipoandika maelezo juu ya mtu wa klabu hii," alisema, "aliandika mambo ambayo hayakutokea. Nilikuwapo. Cuddy alikuwapo."

Sasa hakuna aliyecheka. Kerry alimgeukia yule mzee, kofia chini ya kwapa.

"Ya siku zile siwezi kuyajibu, mzee. Sikuwapo, na sitakuambia hayakutokea. Ninaweza kujibu ya jana tu. Jana nilitoa liki hii kwenye shimo la Bi Raisbeck, na nikaiharibu kwa kutojua. Yeye asiadhibiwe kwa ajili yangu."

Wilf aliegemea fimbo zake. Nje watoto walipita wakipigana kwa maputo.

"Huyo sungura," alisema, "hali yake ikoje?"

"Ameharisha," alisema Kerry. "Asubuhi nzima. Rangi ya zambarau."

Kicheko kilianzia kwa mchungaji, ambaye hakutakiwa kucheka, kikaenea hadi baa. Ossie alijitahidi kushika uso wake, ukamponyoka.

"Nimeishi na waongo wa liki maisha yangu yote," alisema akifuta macho. "Nimesikia za mvua ya mawe, nimesikia za fuko, kuna mtu alinilalamikia nyuki. Hakuna mwongo mwenye akili timamu ambaye angeniletea Malkia. Anayekubali?"

Aliinua mkono wake. Mchungaji aliinua. Wilf alihamisha fimbo zote mbili mkono wa kushoto, ikachukua muda wake, kisha akauinua wa kulia.

"Kwa ya jana tu," alisema.

"Kwa ya jana tu," alikubali Kerry.

Ossie alitoa mhuri mfukoni, akaupulizia, akaugandamiza kwenye jani jipya taratibu kama anayembandika mtoto plasta. Thelma alizibeba liki za Cuddy kwenye ubavu wa mkono wake mzima, Kerry akishikilia upande wa pili, wakaziweka mezani pamoja. Zilipata nafasi ya tatu. Ya pili alipata Ossie, na ya kwanza mchungaji, jambo lililoudhi kijiji kizima kwa usawa, na wengine wakasema si haki kushindana na mtu mwenye msaada wa juu. Kadi iliyowekwa mbele ya liki za tatu ilisomeka T. Raisbeck, na chini yake Ossie alikuwa ameandika jina la kishamba na neno moja: kinaendelea.

Mchana klabu ilijaa watu, harufu ya pudini ya liki na bia. Mtu alimpa Kerry sahani, akakalishwa kwenye benchi, na alipoinua kijiko cha kwanza mwenye duka la mikate aliketi kando yake.

"Sipendi kukusumbua," alisema, "wala si kitu, ni jambo dogo tu. Kuna vijana wanapasua madirisha yangu ya nyuma tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi? Kwa nini hukuniambia?"

"Nimeshasema, sikupenda kusumbua."

Nyuma yake alisimama mwenye posta, ambaye pia hakupenda kusumbua, na nyuma ya mwenye posta mama mmoja mwenye habari za pikipiki kwenye uwanja wa mpira, na Wilf Garbutt akijifanya anatazama liki, ila amesimama kwenye foleni. Thelma aliwapita wote, akamwekea Kerry kikombe cha chai.

"Muacheni ale kwanza," alisema. Kisha akainama sikioni mwake. "Shimo la mwakani huchimbwa Novemba, kabla ya baridi kushika. Koleo ya Cuddy ni nzito kidogo, lakini una mabega."

"Mimi nitakuwa kazini, Bi Thelma."

"Kishamba kipo kwenye mtaa wako," alisema Thelma. "Utakuja kukiangalia."